Daftari la Makosa

Mimi ni fundi kompyuta, na nasema mapema tusije tukalaumiana: sina subira. Mteja akiniambia, "Nimeiacha tu mezani, ikaharibika yenyewe," damu inanipanda hadi masikioni. Kompyuta haziharibiki zenyewe. Kuna aliyemwaga chai, kuna aliyejikwaa kwenye waya, kuna mtoto aliyechomeka kijiko mahali pa diski. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka sita, mpaka kompyuta ya Babu iliponitia adabu.

Karakana yangu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, nyumba tatu kutoka kwa Babu na Bibi. Juu ya mlango nilitundika bango jeupe lenye maandishi mekundu makubwa: TUNATEGENEZA KOMPYUTA ZA KILA AINA. Siku lilipotundikwa nilimwita Babu aje alione kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuja, akalitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akasema, "Rangi nzuri," akageuka, akaenda zake. Niliumia. Mjukuu wako anafungua karakana yake mwenyewe, nawe unasifu rangi!

Babu hakuwa mtu wa maneno mawili. Kwa miaka arobaini alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na hakuna kitabu kilichotoka pale bila kupita chini ya kalamu yake nyekundu. Wafanyakazi walimwita Mzee Nukta. Kosa lilimwasha mwilini. Alisahihisha kadi za harusi alizoalikwa, akasahihisha karatasi za chupa za dawa akiwa mgonjwa kitandani. Nilipokuwa shule ya bweni, barua zangu alinirudishia zikiwa na alama nyekundu, na chini ameandika: "Nami nimekukumbuka sana, mchumba. Koma ya mstari wa tatu imezidi."

Alipofika miaka sabini, kiwanda kilimpa kompyuta na printa ili afanyie kazi nyumbani. Anasoma kitabu kwenye skrini, anasahihisha, anahifadhi, anachapa prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla kitabu hakijatoka, anaipeleka kwa meneja. Alizoea upesi kuliko nilivyotegemea. Shida ilianza mwaka wa pili.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza nikitafuta skrubu, nikaona kandambili za Bibi zimesimama mlangoni.

"Mke mwenza, umezikwa humo?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Toka uje umwone mume wetu. Ile kompyuta imeanza tena. Mara inaganda, mara inazima, mara inaleta ule ukurasa wa buluu wa kuomba radhi. Nimemwambia, hata mimi ningekodolewa macho namna hiyo kutwa nzima, ningezimia."

Nilikasirika, maana nilikuwa nimeitengeneza mara mbili mwezi ule. Mara ya kwanza nilidhani ni virusi, nikasafisha kila kitu na kuweka mfumo upya. Mara ya pili nilipuliza vumbi la kutosha kupanda mchicha, nikabadilisha kisanduku cha umeme, nikapima diski. Hata ramu niliipima, yaani vile vijiti viwili vinavyobeba kumbukumbu ya kompyuta wakati inafanya kazi. Niliendesha kipimo raundi moja, kikasema hakuna kosa, nikafunga mashine na kwenda zangu. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alinisikia nikisema hivyo siku ile?

Nilimkuta Babu amekaa mbele ya skrini iliyozimika, mikono juu ya magoti. Mfukoni mwa shati alikuwa na bahasha. Hakuniita mchumba. Hakuniuliza kama nimeshaolewa na mwingine nikamwacha.

"Usihangaike," alisema. "Mashine haina kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Nikavuta kiti. Kilichokuwa mezani kilikuwa kitabu cha kusomea cha watoto wa darasa la pili, hadithi fupi fupi zenye picha. Babu alikuwa ameshaipeleka prufu mara mbili, na mara mbili ilirudi imejaa makosa. Ijumaa iliyopita meneja alikuja mwenyewe. Meneja huyo ni mama mmoja ambaye Babu alimfundisha kushika kalamu nyekundu alipokuwa binti wa miaka ishirini. Alikaa kwenye kiti hicho hicho nilichokalia, akaomba maji, akashindwa kumtazama usoni. "Mzee wangu," alisema, "labda sasa upumzike." Wakakubaliana prufu ya mwisho ataifuata Alhamisi.

"Sitaki aje kuniondoa," Babu aliniambia. "Nimeandika barua. Nitaondoka mwenyewe."

"Kwa makosa mawili matatu ya herufi?"

"Yangekuwa mawili, mchumba! Nikisoma kwenye skrini, kitabu ni safi. Nikikichapa, nakuta makosa ambayo sikuyaona. Nayasahihisha. Nikichapa tena, yale yamekwisha, yamezuka mengine. Jana nimesoma neno 'paka' mara tatu kwa macho yangu haya. Karatasi imetoka imeandika 'Pika amelala chini ya meza.' Ni akili yangu inaondoka. Kaka yangu alianza hivi hivi."

Nilicheka kwa sababu ya yule pika, kisha nikamwona uso, nikanyamaza. Niliogopa. Babu ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba msichana anaweza kufungua redio na kuirudisha, na sasa alikaa kama mgeni kwenye meza yake mwenyewe.

Alivuta droo, akatoa daftari lenye jalada gumu. Nililijua tangu utotoni. Lilikuwa daftari la makosa. Kila kosa alilowahi kuliacha lipite, aliliandika humo kwa tarehe, katika safu mbili: upande wa kushoto kilichotakiwa, upande wa kulia kilichopatikana. Mwaka uliopita wote ulikuwa na makosa matatu. Miezi miwili hii ilikuwa na makosa arobaini na mawili.

"Soma," alisema. "Usinionee huruma. Soma tu."

Nikasoma. Maji, miji. Mbali, mbili. Paka, pika. Bata, jata. Bado, balo. Dirisha, lirisha. Gari, oari. Kupata, kupita. Na moja alilokuwa amelipigia mistari miwili kwa aibu: kati ya neno "mama" na neno "alicheka", mahali pa nafasi tupu, kulikuwa na mabano.

"Mabano!" Babu alisema. "Yamefunguliwa, hayakufungwa! Mimi!"

Sasa, mimi nimezoea makosa ya watu, kwa kuwa watu huniletea kompyuta zenye barua zao humo. Binadamu hukosea kwa kidole. Anabonyeza herufi ya jirani, anaruka moja, anarudia moja. Lakini a na i hazijuani kwenye kibodi, moja iko kushoto kabisa na nyingine iko kulia. Na mabano yanataka vidole viwili, hayaji kwa kuteleza. Nikapitia safu ile tena, polepole, jambo ambalo si tabia yangu. Kila mara a iligeuka i. Hakuna hata mara moja i iligeuka a. Kila mara b iligeuka j, d iligeuka l. Nikaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili mwenyewe. Kutoka a kwenda i, hatua nane. Kutoka b kwenda j, nane. Kutoka d kwenda l, nane. Kutoka g kwenda o, nane.

Ngoja nieleze, na nitaeleza mara moja tu. Ndani ya kompyuta hakuna herufi, kuna namba. Herufi a ni tisini na saba, b ni tisini na nane, na kuendelea. Hata nafasi tupu ina namba yake, thelathini na mbili. Kila namba inahifadhiwa kwa swichi ndogo mno, nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa, na kila swichi ina thamani yake: moja, mbili, nne, nane, na kupanda. Swichi yenye thamani ya nane ikikwama kwenye kuwaka, a ikilazwa hapo inaamka ikiwa i. Nafasi tupu, thelathini na mbili, inaamka ikiwa arobaini. Na arobaini ni mabano yanayofunguka.

Nikaruka kutoka kwenye kiti.

"Kumbukumbu!" nilipiga kelele. "Kumbukumbu ni mbovu! Mbovu kabisa! Hii ni ya kung'oa na kutupa leo hii hii!"

Jikoni sufuria ilianguka. Bibi akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Wewe mtoto! Mzee wa watu unamwambia hivyo mbele ya uso wake?"

"Bibi, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Miaka arobaini na tisa nimekaa naye! Anasahau miwani, sawa. Anasahau chumvi nimemtuma, sawa. Lakini kumng'oa na kumtupa? Nani kakulea wewe?"

Babu akainua mkono. "Mwache," alisema taratibu. "Amesema kweli. Afadhali anayekuambia kuliko anayekucheka kisogoni." Na macho yake yakajaa maji.

Nilipiga magoti pale pale sakafuni. "Ya kompyuta, Babu! Kumbukumbu ya kompyuta! Si yako!"

Bibi alishusha mwiko.

"Na yangu?" Babu aliuliza.

"Yako imeandika makosa arobaini na mawili humu bila kukosea hata moja. Bila hili daftari nisingejua kamwe."

Mtu mwingine angenikumbatia. Babu alivaa miwani. "Ushahidi," alisema. "Mimi siamini neno mpaka nilione limechapwa."

Kesho yake asubuhi niliilaza mashine mezani kwake, ubavu wazi, nikang'oa kijiti kimoja cha ramu na kuacha kingine, nikawasha kile kipimo. Babu alivuta kiti karibu kuliko alivyowahi kukaa karibu na kitabu chochote. Raundi ya kwanza ilichukua karibu robo saa. Ikaisha safi.

"Basi hiki ni kizima," nikasema, mkono tayari uko kwenye swichi.

Babu aliupiga mkono wangu kofi dogo. "Mchumba, prufu moja unaiita kusoma? Prufu inasomwa mara tatu. Mara ya kwanza unasoma unachotaka kukiona. Mara ya pili unasoma kilichopo. Mara ya tatu ndipo kosa linapochoka kujificha."

Ningekuwa peke yangu ningezima. Lakini pale hapakuwa karakana yangu, tena Bibi alikuwa ametuletea chai. Raundi ya pili, safi. Raundi ya tatu, kijiti kimeshapata joto la kutosha, skrini ikaanza kutema mistari myekundu, mmoja, halafu mwingine, halafu mitano kwa mpigo. Nilitaka kufurahi na kujificha kwa wakati mmoja. Wiki tatu nzima mzee huyu alikuwa hapati usingizi kwa sababu mimi niliridhika na raundi moja. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Yeye Alikuwa anasoma mistari. "Hizi safu mbili ni za nini?"

"Ya kushoto ni kilichotakiwa. Ya kulia ni kilichopatikana."

Babu alitazama skrini, akatazama daftari lake, kisha akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu mvua zilizopita, kile cha kukohoa mwishoni. "Mama watoto!" aliita. "Njoo uone! Mashine imeniiga daftari!"

Bibi alikuja, akatazama, akasema haoni kitu ila wekundu, lakini kama ni mzima basi akanywe chai yake kabla haijapoa.

Sikutaka kumhukumu mshtakiwa bila kumsikiliza. Nikamwomba Babu kifutio chake cha penseli, nikasugua meno ya dhahabu ya kile kijiti, maana wakati mwingine ni uchafu tu. Nikakirudisha, safari hii kwenye tundu la pili, maana wakati mwingine kosa ni la tundu. Wekundu ukaja vile vile. Nikakitoa, nikaweka mwenzake peke yake, kwanza tundu hili, kisha lile. Raundi tatu, safi. Basi mbovu alijulikana. Kikulacho ki nguoni mwako. Kilikuwa humo ndani siku zote, kikibadilisha maneno ya mzee mgongoni kwake. Na pale kilipopewa kubeba amri za kompyuta yenyewe badala ya maneno ya hadithi, mashine ilichanganyikiwa, ikaganda au ikazima.

Nilileta kijiti kingine kizima kutoka karakana, nacho nikakipima mara tatu. Sikuthubutu chini ya hapo. Alasiri Babu alisahihisha kitabu kwa kufuata daftari, akachapa, akaketi dirishani na kalamu nyekundu. Alisoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Mara ya tatu, Bibi na mimi tulikaa kwenye kochi kama watu wanaosubiri nje ya chumba cha wazazi hospitalini. Alipofika ukurasa wa mwisho aliifunika kalamu. Wino haukugusa karatasi.

Alhamisi meneja alikuja saa nne, uso umejiandaa kwa msiba. Babu alimkaribisha, akampa prufu. Meneja alisoma kwa namna ile ile ya Babu, kidole kikitembea chini ya mstari. Alipofika kwa paka aliyelala chini ya meza, alimtazama Babu.

"Paka amerudi," alisema.

"Hakuwahi kuondoka," Babu akajibu, akaweka mezani kile kijiti kibovu. "Aliyekuwa anasahau ni huyu."

Nilimweleza yote, swichi na hatua nane na daftari. Meneja alilifungua daftari, akapitisha mkono juu ya zile safu, kisha akafunika uso kwa viganja. "Nisamehe, mwalimu wangu. Sikulala wiki nzima."

"Kwa lipi? Uliona kosa, ukalisema. Nani alikufundisha kufanya hivyo?" Kisha akachomoa ile bahasha mfukoni. "Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, nilikuwa nimekuandikia barua. Niliichapa kwa mashine hii hii." Aliifungua, akaisoma mstari wa kwanza kwa sauti: "'Kwa heshima na taadhima, naomba kuacha kizi.'"

"Kizi ni nini?" Bibi aliuliza.

"Sijui. Lakini nimeiacha."

"Basi iache leo leo," Bibi akasema. "Kazi endelea nayo, maana ukikaa bure hapa utaanza kunisahihisha mimi."

Tulicheka mpaka meneja akapaliwa na maji. Alipoondoka alikuwa ameacha mezani mswada mwingine, mnene kuliko wa kwanza, na Babu alikuwa ameshaona kosa kwenye jalada.

Tulimsindikiza mpaka barabarani. Wakati wa kurudi tulipita mbele ya karakana yangu, na Babu akasimama chini ya bango. Alilitazama kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Nilisubiri nisikie habari za rangi.

"Mchumba," alisema, "lete ngazi."

"Ya nini?"

"Bango lako lina kosa."

Nilitazama. Sikuona kitu. Nikasoma kwa sauti, tu-na-te-nge... nikakwama. Nikarudi nyuma. TUNATEGENEZA. Kama wewe ulilisoma kule mwanzo ukapita bila kushtuka, usijali, umeungana na mwandishi wa mabango, na mimi niliyepita chini yake kila asubuhi kwa miezi miwili, na wateja wote wa mtaa huu. Nyani haoni kundule.

"Umeliona lini?" nilimuuliza.

"Siku ile ile uliyoniita."

"Babu! Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Prufu ya kwanza ilikuwa imerudi siku hiyo hiyo na makosa kumi na moja. Nikajiambia, bango la mtoto ni zima, macho yako ndiyo yameanza. Nikakusifia rangi."

Hasira zangu nilizimalizia kwenye ngazi, nikaiburuta kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika, nikaishika kwa mikono miwili huku mzee wa miaka sabini na mmoja akipanda, na Bibi akipiga kelele kutoka barazani kwamba kama akianguka hatamwokota. Babu alichukua rangi yangu nyekundu na brashi. Kati ya E na G aliweka alama yao ile ya wasahihishaji, kipembe kidogo kinachoelekea juu, na juu ya kipembe akaandika N moja nzuri, imenyooka, bila mtetemo hata kidogo. Kisha, akiwa bado juu, akalisoma bango lote mara tatu.

Sijalipaka upya mpaka leo. Wateja huniuliza, wewe fundi gani, bango lako mwenyewe hujalitengeneza? Nawaambia limeshatengenezwa.